Shangazi, nimeitwa mshamba kwa sababu ya sushi ya Masaki

Shangazi shikamoo.

Naandika hii watoto wamelala na bwana yuko sebuleni anaangalia mpira. Sina wa kumwambia, maana kila ninayeweza kumwambia yumo kwenye grupu la familia, na ugomvi wenyewe uko humo humo.

Mama mkwe wangu mwezi uliopita alitimiza miaka 65. Ni mtu wa Pangani, mtu wa swala tano, ana presha, na si mtu wa makuu. Miaka yote siku yake tunapika nyumbani: pilau, kuku wa kupaka, tunakaa mkekani, basi. Safari hii wifi yangu mkubwa akasema tumechoka kunuka vitunguu, mama naye atolewe auone mji. Akachagua mgahawa mpya kule Masaki, ghorofani, unaotazama bahari. Jina nalificha. Ni ule ambao kila mtu kwa sasa anakwenda kuupigia picha. Wanapika vya Asia yote, Japani, Thailand, China, Vietnam na Korea, vyote kwenye menyu moja.

Tulikuwa watu kumi na wanne. Wa familia kumi na mmoja, na marafiki watatu wa wifi ambao mama hajapata kuwaona. Taa zilikuwa hafifu hadi shemeji akawa anammulikia mama kwa tochi ya simu aone kilichomo kwenye sahani. Menyu ya karatasi hakuna. Unaskani kile kimraba kilichobandikwa mezani, inakuja kwenye simu, na yote ni Kiingereza. Mama anatumia kitochi. Kwa hiyo wifi akamwagizia.

Vikaanza kuja vijisahani. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa amefika mchana huo huo kwa basi kutoka Tanga. Akaona kile kibonge cha kijani pembeni ya sushi, akakidhania chatne ya kotimiri. Akakipaka chote juu ya kipande kimoja cha samaki, kama anavyopaka kwenye kachori, akatia mdomoni. Shangazi! Mzee alishika pua kwa mikono miwili, machozi yakamtiririka, akawa anapigapiga meza bila sauti. Wale marafiki wa wifi wakatoa simu wakamrekodi.

Mama akawekewa mchuzi wa kijani wa Kithai, kibakuli Sh 38,000. Akaonja, akaniinamia: "Huu si mchuzi wa tui?" Nikamwambia ndio mama. Akasema, "Kwetu huu wa Jumatatu." Nilicheka hadi nikaona aibu. Samaki mbichi hakumgusa. Alichokipenda ni kuku wa vipande mwenye sosi nyeusi tamutamu, wanamwita teriyaki. Huyo alimla, akaongeza.

Sasa hapa ndipo pananinyima usingizi. Nilipokwenda kunawa nilimkuta mhudumu, nikamuuliza ile sosi ya kuku wanatia nini, nikajaribu nyumbani. Akanitajia: soya, sukari, tangawizi, mirin. Mirin ni nini? "Ni kama mvinyo wa mchele, dada, ila wa kupikia." Nilirudi mezani miguu mizito. Mama alikuwa anamalizia kipande cha mwisho. Sikusema. Hadi leo sijamwambia mtu ila wewe.

Bili ilikuja kwenye kikopo cha mianzi. Chakula na vinywaji Sh 1,400,000. Kumbe bei za kwenye menyu zilikuwa hazina kodi, ikaongezwa VAT asilimia 18, laki mbili na hamsini na mbili. Halafu huduma asilimia 10, laki na arobaini. Jumla Sh 1,792,000. Tukagawana wenye kazi saba, kila mmoja Sh 256,000. Mimi na bwana ni watu wawili, kwa hiyo laki tano na kumi na mbili. Wale marafiki watatu hawakutoa hata mia.

Tulipofika nyumbani nikamkuta mama jikoni, taa ya nje tu inawaka, amesimama, anakula wali wa kiporo na mchuzi wa dagaa. Akaniuliza, "Wewe ulishiba?" Nikasema nimeshiba mama. Akasema haya.

Usiku huo niliweka Instagram picha yetu, mimi na mama, nikaandika: "Usiku wa kipekee, chakula cha daraja la juu, asante wifi langu." Si unajua tena mambo ya mitandao.

Siku nne baadaye wifi akauliza kwenye grupu tumeuonaje mgahawa, maana yeye anataka kufanyia pale siku yake ya kuzaliwa. Wakaanza kumsifia. Shemeji mdogo akaandika kwamba hajawahi kula kitu kitamu vile Dar es Salaam hii. Mimi nikasema kwa nini nidanganye. Nikaandika: "Mimi sikushiba na sikuona ladha. Tumekula mandhari. Kwa hela ile ningepika pilau la mtaa mzima na mama angekula." Wifi hakujibu neno. Akaweka skrinshoti ya picha yangu ya Instagram na maneno yangu, chini yake akaandika: "Ushamba hautoki kwa kuolewa mjini."

Tangu hapo hatusemeshani. Bwana anasema nimeyataka mwenyewe. Shangazi, mimi ni mshamba kweli? Nimwombe radhi mtu aliyenitukana? Na la mirin nimwambie mama au nife nalo?

Mkazamwana, Sinza


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimcheka mjomba, Mungu anisamehe, maana yalinikuta yaleyale mwaka niliokwenda Dubai kwa mdogo wangu. Mpe pole, umwambie kile kijani mara nyingi hata si wasabi yenyewe, ule mzizi mkali wa Kijapani. Wasabi halisi ni ghali na mgumu kulimika, kwa hiyo migahawa mingi duniani hutumia mzizi mwingine mkali wa Ulaya, ukachanganywa na haradali na rangi. Amelizwa na feki. Atajisikia vizuri.

Mara ya pili nikaona kuna jambo umelipitisha haraka haraka, kama mtu anayepita getini na kitu chini ya kanga. Ile picha ya Instagram.

Uliandika mbele ya walimwengu kwamba chakula ni cha daraja la juu, asante wifi. Siku ya nne ukaandika mbele ya ndugu zake kwamba mlikula mandhari. Wifi yako unadhani amekasirikia sushi? Alishukuriwa hadharani, kisha akavuliwa nguo kwao. Ungesema ukweli siku ile, ukamvuta pembeni, angenuna jioni moja. Ungenyamaza moja kwa moja, pasingekuwa na kesi. Wewe umechukua yote mawili. Na hilo "si unajua tena", mimi sijui, mwanangu. Nieleze.

Lakini tuanze na la mama, maana hayo mengine yanangoja.

Kwanza, hujui bado alichokula. Umesikia kwa mhudumu aliyekuwa na meza sita na sinia mkononi. Mirin kweli ni kitu cha Kijapani cha mchele, kitamu, cha kupikia, na ile halisi ina kilevi cha kama asilimia 14. Ila ziko pia chupa za bei nafuu za "ladha ya mirin" ambazo kilevi chake hakifiki hata asilimia 1, na wako wapishi wanaotia sukari na siki tu, na mhudumu akaendelea kuita mirin kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Kwa hiyo piga simu pale, mchana, saa ambazo hawana wateja. Omba kuongea na mtu wa jikoni. Usiulize "chakula chenu ni halali?", watakujibu halali, na hawatakuwa wamekudanganya, kwa sababu wao wanafikiria kuku alivyochinjwa. Kuku kuchinjwa ni jambo moja na sosi iliyommwagikia ni jambo lingine. Uliza hivi: kuku wa teriyaki mnatia mirin ya chupa gani, na sake, ile pombe ya mchele ya Kijapani, mnatia? Akusomee chupa.

Wako watakaokwambia kilevi kinaondoka motoni. Kinapungua, hakiondoki chote. Kwa vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani, mchuzi uliochemka robo saa bado unabaki na karibu asilimia 40 ya kilevi kilichotiwa. Hukumu yake kidini si kazi ya safu hii, mama ana sheikh wake. Ila mimi nilichofundishwa madrasa ni kwamba aliyekula bila kujua hana lawama. Mama yako hana kesi hapo. Mwenye kesi ni aliyejua akakaa kimya, na aliyejua ni wewe, tena ukakaa na siri yenyewe siku nne, halafu ukaenda kugombania bei.

Nakuuliza swali lingine ambalo hukuniuliza. Kama mgombano huu usingetokea, ungetaka kumwambia? Maana nasikia harufu. Kumwambia mama leo "wifi alikulisha pombe" ni kumpiga wifi kwa fimbo ya mama. Usifanye hivyo. Ukishapata jibu la jikoni, wa kwanza kuambiwa ni wifi mwenyewe, kwa simu, si kwenye grupu. Hakujua. Kaskani kimraba, kaona kuku, kaagiza kuku. Akishajua, mama aambiwe na mwanawe, huyo anayeangalia mpira sebuleni. Ni mama yake, si wako wewe peke yako. Azime televisheni, akae naye mkekani, amwambie kwa maneno mawili: mama, tumegundua sosi ile ilikuwa na kitu, tulikuwa hatujui, utusamehe. Mkiambiwa na jikoni kwamba ni ile ya siki na sukari, hakuna la kumwambia, na wewe utalala.

Na kabla sijasahau, ana presha. Mlitazama alikuwa anachovya nini? Kijiko kimoja cha mezani cha sosi ya soya kina karibu nusu ya chumvi yote ambayo Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asiizidishe kwa siku, yaani gramu 5. Na teriyaki ni soya tupu na sukari. Aliongeza, umesema. Hilo ndilo lingenitoa mimi kwenye kiti siku ile, kabla ya mirin.

Sasa chakula. Umeniuliza kama wewe ni mshamba.

Marehemu mume wangu alikuwa baharia, meli za mizigo, na Singapore alitia nanga mara nyingi kuliko Mtwara. Alikuwa akinisimulia masoko ya vyakula ya kule: paa moja, vibanda vingi, na kila kibanda mzee mmoja na kitu kimoja. Huyu kuku na wali, yule tambi, yule supu ya samaki. Amekipika kitu hicho kimoja tangu kijana. Mwaka 2016 vibanda viwili vya namna hiyo vilipewa nyota ya Michelin, ile tuzo kubwa ya migahawa, kimoja kwa kuku wa soya na wali, sahani ya bei ambayo hata dereva teksi anaimudu. Mwaka 2020 UNESCO ikautia utamaduni huo wa vibanda kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Hiyo ndiyo Asia aliyonielezea mume wangu. Mwanga mkali, meza ya plastiki, unashiba, unaondoka.

Mlichokula nyinyi kimetoka upande mwingine. Mtindo wa mgahawa wa "Asia yote", wenye vijisahani vya kugawana na giza la makusudi, umekuzwa London na New York. London mwaka 1992 mzaliwa wa Hong Kong, Alan Yau, alifungua Wagamama ya tambi za Kijapani, mabenchi marefu, bei ya kawaida. New York mwaka 1994 ikaja Nobu, ya Mjapani aliyepata kupika Peru, na hiyo haikuwa bei ya kawaida hata kidogo. Kutoka hapo kila mji mkubwa ukataka wa kwake. Kwetu naona umepitia Dubai, kama abaya. Kwa hiyo usipoupenda, hujaikataa Asia. Umeukataa mtindo wa mjini, na mitindo ya mjini mtu ana haki ya kuikataa bila kuulizwa alizaliwa wapi.

Nikupe mfano. Fikiria mtu Tokyo amefungua "Mgahawa wa Afrika Yote". Injera ya Wahabeshi, wali wa samaki wa Wasenegali, kuskusi ya Wamoroko, ugali na dagaa wa Kigoma, vyote jiko moja, mpishi mmoja, sahani ndogo ya ugali imewekwa jani la kotimiri juu. Utaenda? Ukienda utaenda kwa picha. Ugali wake hautakuwa ugali. Ndio maana mgahawa wenye nchi tano kwenye menyu moja mimi naungoja kwanza miezi sita.

Ila na wewe usijipe ushindi mapema, kwa sababu kuchanganya si kosa lenyewe. Tempura, zile kamba za kukaanga, Wajapani wamezijua kwa Wareno karne ya 16. Rameni ya Japani asili yake ni tambi za Wachina. Na hilo pilau lako la mtaa mzima, sambusa, chapati, biriani, nani aliyetuletea? Mpunga wenyewe ulikuja kwa bahari. Mama yako Pangani alionja mara moja tu akajua: tui, mchaichai, tangawizi, pilipili. Hakudharau mchuzi wa Kithai, aliutambua. Kinywa kile kingekwenda kwa mpishi wa Kithai hasa, kikapewa supu ya ukwaju au ya kamba, na wali mweupe sahani nzima, tungekuwa tunazungumza mengine hapa.

Na hapo ndipo mlipoharibu. Mlikula vitoweo bila wali. Vijisahani vile ni kitoweo, mwanangu. Umeagiza vijisahani ishirini bila bakuli la wali, halafu unashangaa hukushiba? Hata kwetu mtu akikuletea samaki wa kupaka mtupu, utauliza wali uko wapi.

Shemeji mdogo naye sio mwongo. Kama alikula jodari, huenda alikula vizuri. Jodari ni wa bahari yetu hii, wanamvua hapa, anaweza kufika mezani Masaki akiwa hajachoka. Salmoni ndiye wa kutoka kwenye majokofu ya mbali, Bahari ya Hindi haina salmoni. Na huyo salmoni mbichi unayemwona kama ndio Ujapani wenyewe, hata Wajapani hawakuwa na desturi ya kumla mbichi hadi Wanorwe walipokwenda kuwauzia miaka ya 1980. Kwa hiyo meza ile ile, mtu aliyeagiza jodari na kamba akafurahi, na wewe uliyeletewa salmoni ukaona mandhari. Wote wawili mmesema kweli. Ukijikuta tena kwenye mgahawa wa aina hiyo, muulize mhudumu mpishi mkuu anatoka wapi. Akisema Thailand, funga menyu ya sushi, kula vya Thailand. Mama na watoto wasiguse kibichi, basi.

Kuhusu "ushamba", kutojua kushika vijiti ni kutofundishwa tu. Dakika tano zinatosha. Lakini wale wasichana waliomrekodi mzee wa watu akilia, mgeni aliyetoka Tanga asubuhi kuja kumpongeza dada yake, hao nawatafutia jina na sijalipata. Ningekuwa wewe ugomvi wangu na wifi ungekuwa huo, si ladha. Uliza kama ile video imefutwa.

Hesabu zako nimezipiga, ziko sawa. Jumla ukigawa kwa kumi na wanne, kila kiti kimekula Sh 128,000, na marafiki watatu ni laki tatu na themanini na nne. Hizo zilikuwa za wifi kulipa, yeye ndiye aliyewaita. Zilidaiwa palepale au hazidaiwi tena, na zimeshapita. Kwa siku nyingine, anayechagua mahali atume kwanza bei kwenye grupu, pamoja na yale maandishi ya sisimizi ya chini yanayosema kodi haimo, na aseme wageni wake analipa nani. Natumaini mliondoka na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Milioni moja na laki saba bila risiti, hapo ningewaita wote washamba.

Radhi uombe. Si ya kusema hukupenda, kwa hilo usiombe kamwe. Omba kwa kusema mambo mawili yasiyofanana. Yeye akuombe ya lile neno, na akichelewa mwache achelewe. Mwandikie pembeni, mfupi, usiweke vikatuni vya kucheka. Kama hukupata maneno, chukua haya:

"Wifi, nilikosea. Nilikushukuru mbele za watu halafu nikasema tofauti kwenye grupu, ingenipasa nikuambie wewe kwanza. Chakula kweli hakikunikaa, lakini ulichotaka kumfanyia mama nilikiona. Kuna jambo la mama nataka nikupigie, si la ugomvi. Saa ngapi una nafasi?"

Tuma, uweke simu chini, usikae unaangalia kama amesoma.

Halafu kuna lile la jikoni. Mama alikuuliza umeshiba, naye anakula kiporo gizani amesimama. Mwanangu, mtu mzima hakuulizi hivyo kwa sababu ya kutaka jibu la ndio. Alikuwa anakufungulia mlango muongee, mle wali pamoja, mumcheke mjomba. Ukasema umeshiba, naye akasema haya. Katika watu kumi na wanne hakuna aliyemuuliza anataka kula nini siku yake, si wifi, si wewe na pilau lako. Muulize, mwaka huu haujaisha. Usishangae akikwambia anataka chipsi kuku za Kariakoo na soda baridi, wazee wana mambo yao.

Picha ya Instagram usiifute. Badilisha maneno tu, andika umri wake na dua. Mama katoka vizuri sana, kwa hiyo kumbe taa zile zina kazi yake.

Shangazi